Raba ya kioo cha mbele: inavyoshika kioo, na kwa nini hata mpya huvuja

Kwenye pikapu ya zamani, raba ya kioo cha mbele ni ule mkanda mweusi wa mpira unaoizunguka windiskrini pande zote. Anayeitazama kwa nje huidhani kizibo cha mvua. Kuzuia maji ni kazi yake, ila si kazi yake ya kwanza. Raba ndiyo inayokishika kioo. Hakuna skrubu, hakuna kibanio wala gundi inayobeba uzito wa kioo kile. Ukipitisha kisu kuizunguka raba yote, kioo kinakuja mikononi.

Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu makosa mengi ya kubadilisha raba yanatokana na kuifikiria kama kizibo tu. Mtu akiona maji yanaingia, anaiandama raba kwa tyubu ya silikoni. Ikishindikana ananunua raba mpya, anaivalisha juu ya ukingo uleule ulioliwa na kutu, na mvua ya kwanza inamkuta palepale alipokuwa.

Chukua kipande cha raba hiyo, kikate, utazame pale ulipokata. Umbo lake linakaribia herufi H. Mfuo mmoja unatazama upande wa kioo, na ndani yake ndimo ukingo wa kioo unamoingia. Mfuo wa pili unatazama upande wa bodi, na ndani yake unaingia ukingo wa bati unaozunguka tundu la windiskrini. Ukingo huo ni mahali ambapo bati la nje na bati la ndani la kebini hukutana na kuchomelewa pamoja kwa vidoti. Kwa hiyo raba ina midomo minne: miwili inabana kioo, miwili inabana bati. Kioo na chuma havigusani popote, na havitakiwi kugusana hata nukta moja.

Sababu ni mwendo. Kebini ya pikapu imekaa juu ya chesisi, na chesisi hujinyonga kila tairi moja linapopanda jiwe na jingine likabaki chini. Bati la kebini linafuata kidogo. Kioo hakina uwezo huo. Kikilazimishwa kujikunja kinapasuka. Raba inaumeza ule mnyongo kabla haujakifikia kioo. Ndiyo maana mtu anayejaza gundi ngumu ndani ya mifuo akitafuta uimara anajiharibia: amekifunga kioo kwenye chuma, na kona ya barabara mbovu itakuja kudai haki yake. Kwenye magari mengi ya leo kioo hugandishwa moja kwa moja kwa gundi ya urethani, lakini bodi zake na ukingo wake vilibuniwa kwa ajili hiyo. Pikapu ya zamani haikubuniwa hivyo.

Raba zenyewe si za aina moja. Ile rahisi kabisa ni kama nilivyoieleza. Nyingine ina mfuo wa tatu kwenye uso wake, ambamo husukumwa utepe mwembamba wa mpira au plastiki. Utepe ukiingia unaitanua raba na kuifanya ibane kwa nguvu, kama kabari. Mafundi huuita utepe wa kufungia, na jina hilo linatosha kueleza kazi yake. Kuna pia raba yenye mfuo wa kushikia urembo wa nikeli. Chevrolet na GMC za 1967 hadi 1972, kwa mfano, zinatumia raba mbili tofauti kulingana na kama gari lilikuja na urembo huo au halikuja nao. Ukinunua yenye mfuo huku huna urembo wa kuweka, utabaki na mtaro ulio wazi unaokusanya maji na vumbi.

Hapa pia ndipo mwaka wa gari unapokuwa na maana kuliko sura yake. Pikapu za Chevrolet zilizoanza 1947 zilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili, chenye nguzo katikati, hadi 1953. Mwaka 1954 kikawa kipande kimoja kilichopinda, ingawa kebini kwa macho ya haraka ni ileile. Ford F-100 ya 1956 nayo ilipewa kioo kinachozunguka hadi ubavuni na nguzo zilizosimama wima, tofauti na za 1953 hadi 1955. Raba ya moja haiingii kwenye nyingine, na hakuna kuivuta wala kuikata kutakakoilazimisha iingie. Agiza kwa mwaka na aina ya kioo, kisha kabla ya kufanya lolote ilaze raba mpya kandokando ya ile ya zamani na ulinganishe kona, upana wa mifuo na unene wa midomo.

Kwa nini raba huzeeka? Mpira wa asili uliopikwa na salfa, ufundi ambao Charles Goodyear aliupatia hataza Marekani mwaka 1844, una nyuzi ndefu zenye viungo ambavyo ozoni ya hewani hupenda kuvishambulia. Jua linaongezea. Uso unakuwa mgumu, unapauka, kisha mipasuko midogo inatokea. Jambo la kuangalia ni hili: mipasuko ya ozoni hutokea pale mpira unapokuwa umevutwa, na hukata kwa kukingama na mwelekeo wa mvuto. Ndiyo sababu kona huanza kupasuka kabla ya pande zilizonyooka. Raba nyingi za sasa hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, aina ya mpira wa viwandani ambao mnyororo wake mkuu hauna viungo vile dhaifu, na kwa hiyo huvumilia jua na ozoni vizuri zaidi. Lakini hata huo ukiuvuta wakati wa kuuvalisha, utarudi taratibu kwenye urefu wake, na pengo litafunguka mahali fulani, mara nyingi konani au kwenye kiungio.

Kwa hiyo raba isivutwe. Inapozungushwa kwenye kioo mwanzo inaweza kuonekana ndefu kidogo. Hiyo si kasoro. Uanze konani, uikalishe kila kona mahali pake, kisha ule urefu uliozidi uusukume usambae kwenye pande zilizonyooka. Anayekata kipande ili ilingane vizuri siku ile anajitengenezea pengo la mwaka ujao.

Sasa bati, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa maoni yangu kazi yote ya raba mpya huamuliwa kabla raba yenyewe haijatoka kwenye mfuko wake. Ukingo wa windiskrini umejificha miaka yote chini ya mpira. Maji yakipenya yanashuka hadi kona mbili za chini na kutulia humo, gizani, bila upepo wa kuyakausha. Kutu inaanza humo. Kutu ina tabia ya kuvimba: hukamata nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo inaisukuma raba kutoka ndani na kukikandamiza kioo sehemu moja. Ukiona kioo kimepasuka kuanzia kona ya chini bila kupigwa na jiwe, shuku kutu kabla ya kushuku kingine.

Toa raba ya zamani kwa kuikata. Kuiokoa hakuna faida, na kuing'oa nzima ndiko kunakovunja vioo vizuri. Kata mdomo wa nje kwa kisu chenye makali, ukilaza kisu upande wa raba ili usikwaruze kioo, kisha mtu mmoja asukume kutoka ndani kwa viganja huku mwingine akipokea nje. Kabla ya hapo waipa ziwe zimetolewa, na kioo cha kutazamia nyuma pia kama kimeshikwa karibu. Ukingo ukishakuwa wazi, kwangua gundi na rangi iliyonyanyuka, piga msasa hadi chuma safi. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya lenye unene uleule. Kiraka kilichobandikwa juu ya bati la zamani huufanya ukingo kuwa mnene maradufu mahali pale, na mfuo wa raba uliopimwa kwa ukingo mwembamba utapanuka na kukaa wazi. Matone ya kuchomelea nayo yasagwe yaishe. Kisha praima, kisha rangi, na rangi iachwe ikauke hadi ndani. Raba inayobana rangi mbichi huikunja na kuibandua, na mlango wa kutu umefunguliwa upya.

Baada ya hapo kiweke kioo kwenye tundu bila raba, kwenye vipande vidogo vya mpira ili kisiguse chuma, utazame pengo linalokizunguka. Lifanane pande zote, kwa kukadiria. Kama upande mmoja kioo kinakaribia bati na mwingine kuna nafasi ya kupitisha kidole, ukingo umepinda, na ni kazi ya nyundo na subira, si ya raba. Kikague na kioo chenyewe. Windiskrini ni tabaka mbili za kioo zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Weupe unaotambaa kutoka pembeni ni dalili kwamba tabaka zimeanza kuachana, na kipande kidogo kilichomeguka ukingoni ni mwanzo wa ufa utakaokimbia siku ya kufunga.

Kufunga kwenyewe kwa raba rahisi hufanywa kwa kamba, na ni ufundi mzuri kuutazama. Raba inavalishwa kioo kwanza, mezani juu ya blanketi. Kama ina urembo wa nikeli unaokaa ndani ya raba, mara nyingi ni rahisi zaidi kuuingiza hapohapo mezani, wakati raba inaweza kufunguka bila kuzuiwa na bodi. Kisha ndani ya mfuo wa bodi inalazwa kamba laini ya nailoni yenye unene wa milimita 3 hadi 5, ikizunguka kioo chote na ncha zake zikipishana chini katikati, sentimita 20 hivi, zikitokea upande wa ndani ya gari. Raba ikiwa ngumu kwa baridi, iache juani au uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Mpira uliolegea hukubali.

Pakaza maji ya sabuni kwenye mfuo na kwenye ukingo wa bati. Usitumie grisi wala oili ya injini. Mafuta ya petroli huvimbisha mpira na kuulainisha, na yatakaa humo muda mrefu baada ya sabuni kuwa imekauka na kusahaulika.

Watu wawili wanakipeleka kioo kutoka nje na kukikalisha chini kwanza, katikati. Mmoja anaingia ndani na kuanza kuvuta ncha moja ya kamba kuelekea katikati ya kioo. Kamba inapotoka, inaunyanyua mdomo wa ndani wa raba na kuuvusha juu ya ukingo wa bati, sentimita kwa sentimita. Aliye nje anasukuma kwa kiganja mahali hasa kamba inapotoka, si mbele wala nyuma yake. Chini kwanza, kona za chini, pande mbili, na juu mwisho. Mvutano ukiwa mkubwa ghafla, simama. Mdomo umekwama au kioo hakijashuka vya kutosha. Ongeza sabuni, gongagonga kwa kiganja kilichofunguliwa, endelea. Nguvu ndiyo inayovunja kioo hapa, karibu kila mara, na karibu kila mara ni konani.

Raba yenye utepe wa kufungia inakwenda kinyume: raba inavalishwa kwenye bodi kwanza, kioo kinaingizwa kwenye mfuo wake kwa kunyanyua mdomo kwa kijiti cha mbao au plastiki, na utepe unasukumwa mwisho kwa kifaa chenye kitanzi kinachoutanua mfuo huku kikiulaza utepe ndani. Bila kifaa hicho inawezekana, lakini vidole vitajuta.

Kuhusu dawa ya kuzibia, inayofaa ni ile isiyokauka, inayobaki laini kama ubani uliotafunwa, kwa sababu itafuata mwendo wa raba badala ya kuuzuia. Inapakwa chembamba chini ya mdomo wa nje, kati ya raba na kioo na kati ya raba na bati, baada ya kioo kukaa sawa. Silikoni inayonuka kama siki iepuke kabisa: harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, nayo hula chuma kilekile ulichotoka kukisafisha.

Jaribio la maji lifanywe kwa mpira wa bustani usio na presha. Anza chini, upe kila upande dakika kadhaa, kisha panda. Aliye ndani awe na tochi na kitambaa. Na yakionekana matone chini ya dashibodi, usikimbilie kuilaumu raba. Maji yanaweza kuwa yameingilia kwenye tundu la hewa lililo mbele ya kioo, kwenye matundu ya mihimili ya waipa, au kwenye kiungio cha paa juu, yakatembea ndani ya bati na kujitokeza palepale unapoitegemea raba kuvuja. Kausha kila kitu, nyunyiza poda nyepesi kwenye bati la ndani chini ya kioo na kwenye kingo za pembeni, kisha rudia maji, upande mmoja kwa wakati. Mchirizi kwenye poda utaonyesha yalikoanzia.