Timu ikisafiri mbali, kichwa cha mchezaji nacho kiangaliwe

Wengi wanaoletewa wachezaji hapa kwetu kitengo cha dharura Tabora wanasikia neno lilelile, "dokta, lakini hakuzimia", kana kwamba asipozimia ubongo uko salama. Jamani sio ivo. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi mtu hazimii kabisa, anainuka, anaendelea kucheza, afu baadae anauliza matokeo ni ngapi.

Kwenye raga hili limechunguzwa sana, na mitikisiko mingi inatokea wakati wa kukaba, yani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, tena anayekaba ndo anaumia zaidi, hasa akienda wima au akiweka kichwa upande mbaya. Sasa safari inaingiaje? Timu ya Afrika Kusini ikienda New Zealand inakuta saa zimepishana 10 au 11, na mwili unataka kama siku moja kuzoea kila saa moja iliyopishana. Ukikosa usingizi unachelewa kuona na kuamua, na kwenye kukaba ukichelewa kidogo tu kichwa kinakutana na goti. Ila utafiti wa raga ya wachezaji 7 haukukuta safari ndefu za ndege zikiongeza majeraha, na wale wanafika siku kadhaa kabla ya mechi, wanalala, wanafanya mazoezi. Kwa iyo mimi siogopi kilomita, naogopa ratiba zetu, yani timu ya shule inasafiri usiku kucha kwenda Kigoma, inafika asubuhi, saa 10 jioni iko uwanjani. Walimu, ombeni walale kwanza hata masaa machache.

Na safari ya kurudi ndo inanitisha zaidi. Kijana kagongwa kichwa jioni, usiku huohuo yuko siti ya dirishani kajifunika jaketi, wenzie wanasema mwache kachoka. Kulala sio kosa, ila akae na mtu mzima wa kumwamsha kila baada ya mda na kumuuliza maswali madogo, tuko wapi, tumecheza na nani. Usimpe pombe, asprini wala diklofenaki. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akishikwa degedege, mkono ukikosa nguvu au akiwa mgumu kuamka, msisubiri mfike Tabora, mshusheni hospitali iliyo karibu, iwe Uvinza, Kaliua au Urambo, na dereva aambiwe mapema kabla hata gari halijaondoka.