Guardiola na Zidane hawakutoka uwanjani moja kwa moja

Kila klabu inapomfukuza kocha, mashabiki wanaotaka nyota wao wa zamani apewe timu huja na hoja ileile: mbona Guardiola na Zidane walianza bila uzoefu? Hoja hiyo imezoeleka mno, lakini si kweli.

Guardiola, kiungo wa zamani wa Barcelona, alikabidhiwa kwanza Barcelona B mwaka 2007, timu ya akiba ya klabu hiyo iliyokuwa imeshuka hadi daraja la nne Hispania. Alizunguka nayo kwenye viwanja vidogo vya Katalunya akiwa na vijana kama Busquets na Pedro, akaipandisha daraja. Ndipo 2008 akapewa timu kubwa, na vijana hao wawili akapanda nao.

Zidane, nyota wa zamani wa Real Madrid, alisubiri zaidi. Msimu wa 2013/14 alikaa benchi kama msaidizi wa kocha Ancelotti, Real Madrid ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Kisha akashuka kufundisha Castilla, timu yao ya akiba, katika daraja la tatu. Msimu wa kwanza alishindwa kuipandisha. Alipoitwa kufundisha timu kubwa Januari 2016 alikuwa ameshaonja kushindwa, na kwangu hilo lina uzito kuliko jina lake.

Anayefaa kutajwa kwenye mjadala huo, kama mfano wa aliyeanza kweli bila uzoefu, ni Pirlo, kiungo wa zamani wa Juventus ya Italia. Agosti 2020 Juventus walimpa timu kubwa siku chache tu baada ya kumteua kufundisha vijana wao, kabla hajasimamia hata mechi moja. Kombe la Italia alibeba, tumpe haki yake. Lakini klabu iliyokuwa imechukua ligi mara 9 mfululizo ilimaliza ya nne, naye akaondolewa baada ya msimu mmoja.