Safu za maandishi si safu za gridi

Mtu akikwambia "ukurasa huu nimeupanga kwa safu tatu", bado hujajua amefanya nini. Huenda ametumia column-count (amri ya CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa za tovuti, inayokata maandishi safu), huenda ametumia gridi, huenda amerudi kwenye float (amri ya kusogeza kitu pembeni), au, Mungu amsamehe, amechora jedwali lisiloonekana mistari. Yote hayo hapa Unguja tunayaita "safu", na mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale mtu anaposimama mbele ya vijana wanaojifunza CSS akawaambia kwamba column-count ni njia fupi ya kuandika gridi. Nimeshalisikia hili mara nyingi mno sasa, na vijana wanalinukuu kama aya.

Maana, kwa ufupi. Safu za maandishi ni pale unapokuwa na mkondo mmoja wa matini, na kivinjari kikaukata vipande na kuvisimamisha kimoja pembeni ya chengine. Ukifika chini ya safu ya kwanza unaendelea juu ya safu ya pili. Safu za gridi ni pale unapoigawa nafasi kwanza, halafu ukaweka vitu ndani yake. Kule kinachogawanywa ni maandishi. Huku kinachogawanywa ni uwanja.

Tuchukue wilaya zetu 11 za Zanzibar, tuzipange kwa alifabeti, tuzitie kwenye orodha, na orodha tuipe column-count: 3. Safu ya kwanza itakuwa na Chake Chake, Kaskazini A, Kaskazini B na Kati. Ya pili: Kusini, Magharibi A, Magharibi B, Micheweni. Ya tatu: Mjini, Mkoani, Wete. Nne, nne, tatu. Kivinjari kimejitahidi kusawazisha urefu bila kuambiwa. Na jicho linashuka chini kama linavyoshuka kwenye orodha yoyote ya majina, kwa hiyo anayeitafuta Micheweni ataipata haraka.

Sasa orodha ileile ipe display: grid na nafasi tatu sawa kwa grid-template-columns: repeat(3, 1fr). Mstari wa juu unakuwa Chake Chake, Kaskazini A, Kaskazini B. Kati imeteremka mstari wa pili, chini ya Chake Chake, na ukiisoma safu ya kwanza kwenda chini unapata Chake Chake, Kati, Magharibi B, Mkoani. Alifabeti ipo, lakini inakwenda kushoto kulia. Hakuna kilichoharibika, ila kazi iliyofanyika ni nyengine kabisa.

Kwa majina mafupi kama haya column-count inashinda, tena bila jasho. Pale watu wanapoumia ni kwenye kadi. Fikiria ukurasa wa nyumba ya wageni huko Jambiani: kila chumba kina picha, jina, bei na kitufe cha kuweka nafasi. Mtengenezaji akaandika column-count: 3, akaridhika, akalala. Kwenye skrini picha ya chumba cha pili imebaki chini ya safu ya kwanza, na bei yake imerukia juu ya safu ya pili, imekaa juu ya picha ya chumba cha tatu. Mgeni akiwa kwao anaona bei, anaona picha chini yake, anaamini ndiyo yenyewe. Ukisema "ongeza break-inside: avoid", sawa, kadi haitakatika tena. Lakini vyumba bado vinashuka chini, na mwenye nyumba aliyetaka vyumba vyake vitatu vizuri vikae juu kwa pamoja atakuuliza kwa nini kimoja tu ndicho kilichobaki juu.

Gridi ni bao: mashimo 32 yameshachongwa kabla hujashika kete hata moja. Unaweza kusema kitu hiki kianzie safu ya pili, kile kienee safu zote tatu, na shimo jengine libaki tupu makusudi. Safu za maandishi hazina mashimo. Huwezi kukiambia kitu "kaa safu ya pili". La zaidi utaulazimisha mkondo ukatike mahali fulani, na maandishi yakiongezeka kesho hesabu yako imevurugika.

Nadhani najua mchanganyiko huu ulikotoka. CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, Bert Bos akajiunga naye, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Desemba 1996. Toleo lile halikuwa na kifaa chochote cha kupanga ukurasa mzima kwa safu. Lilikuwa na float, ambayo ilikusudiwa picha ikae pembeni na maandishi yaizunguke, basi. Watu wakaipindua float ikawa mhimili wa kurasa nzima, na wengine wakang'ang'ania majedwali ya HTML, lugha inayoandikiwa ukurasa wenyewe, na hali ikaendelea hivyo takriban miaka ishirini. Gridi tunayoijua ilikuja kwa pamoja kwenye Firefox, Chrome na Safari mwezi Machi 2017. Kwa hiyo aliyejifunza kabla ya hapo alijifunza safu kama ujanja, si kama kifaa. Alipokutana na kanuni yenye neno column kwenye jina lake akaona hatimaye kimepatikana alichokuwa akikitafuta. Simlaumu. Namlaumu anayeendelea kulifundisha hivyo leo.

Halafu kuna wanaotaka ukurasa "uwe kama gazeti". Hapo column-count ndiyo yenyewe kweli, na hapohapo ndipo inapokera zaidi. Ukurasa wa gazeti una mwisho. Umeushika mkononi, chini unapaona, jicho linapanda juu bila tabu. Ukurasa wa tovuti unashuka kadiri maandishi yalivyo. Makala ndefu ukiikata safu mbili, msomaji atateremka mpaka chini kabisa, kisha apandishe skrini yote mpaka juu kuianza safu ya pili. Nani atafanya hivyo akiwa ndani ya daladala? Kama shida ni mistari mirefu inayochosha macho, dawa ni kuubana upana: miongozo ya ufikivu ya W3C, ya kuwafaa wasomaji wenye ulemavu, inataja kikomo cha herufi 80 kwa mstari, na max-width: 65ch (ch ni takriban upana wa herufi moja) inakufikisha pazuri kwa safu moja tu.

Kwenye simu vyote viwili vinaweza kujikunja vyenyewe ukiviandika kwa adabu. columns: 3 16rem maana yake ni safu zisizozidi tatu, na zipungue pale upana wa 16rem (rem ni kipimo kinachofuata ukubwa wa maandishi ya ukurasa) kwa kila moja unapokosekana. Upande wa gridi unaandika repeat(auto-fit, minmax(16rem, 1fr)), yaani safu kadiri zinavyoenea, kila moja isipungue 16rem, na kwenye simu ya kawaida inabaki safu moja. Kingine kinachowashangaza watu: safu za maandishi zinakuja na mwanya wa 1em, sawa na ukubwa wa maandishi yenyewe, hata usipoomba, gridi inakuja na mwanya sifuri. Ndiyo maana anayehama kutoka moja kwenda nyengine anaona kadi zimegandana akadhani ameharibu.

Kwetu sisi kuna jengine ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi. Chuo cha Kurani kikitaka ukurasa wa Kiarabu, ukiandika dir="rtl", yaani maandishi yaanzie kulia, gridi inaanza kulia yenyewe, safu ya kwanza ipo mkono wa kulia, na safu za maandishi zinafanya vivyo hivyo. float: left haigeuki. Itabaki kushoto mpaka uibadilishe kwa mkono, moja baada ya nyengine.

Jedwali nalo lisitupwe. Nauli za boti, daraja kwa daraja, mkaazi na mgeni: hilo ni jedwali halali, kwa sababu kila namba inasomeka kwa kichwa cha juu yake na cha pembeni yake, na kisoma skrini kinamsomea asiyeona hivyohivyo. Menyu ya tovuti na picha za ufukwe si jedwali.

Basi mteja akikwambia "niwekee safu tatu", muulize kwanza: maneno yaliyoishia chini ya safu hii, yaendelee juu ya safu ya pili? Akisema ndiyo, column-count. Akisema hapana, kila safu ina vyake, mwandikie gridi. Na wewe mwalimu, ukifika somo hilo, wape kwanza orodha ya wilaya, waipange kwa njia zote mbili, waitafute Micheweni.