Kasi Ipo, Mbona Noti Zinakatika?

Mwalimu mmoja wa violini anayefundisha kwa simu ya video aliniita akiwa amechoka kabisa. Alikuwa ameshapandisha kifurushi cha intaneti mara mbili, kipimo kinasoma megabiti 50 kwa sekunde, na bado mwanafunzi akivuta noti ndefu sauti inakatika katikati. Ubaya ni kwamba hakuweza tena kujua kama ni upinde uliotetemeka au ni mtandao. Atamsahihishaje mtoto namna hiyo?

Kasi haikuwa tatizo lake. Simu ya video yenye picha safi inatosheka na megabiti 4 hivi. Kinachotakiwa ni utulivu: vipande vya sauti vifike kwa mpigo ulio sawa, kimoja baada ya kingine. Kimoja kikichelewa sana, programu haikingoji. Inakitupa na kuziba pengo kwa sauti ya kukisia.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtoa huduma, pima ndani ya nyumba. Nilifungua kompyuta yake, nikatuma amri ya ping, inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwenye ruta yenyewe, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani (mara nyingi anwani ni 192.168.1.1), na kuiacha iende dakika mbili. Majibu yakaja: milisekunde 2, 3, 2, halafu 180, halafu 95. Na ruta iko chumba cha pili tu! Basi ugonjwa ulikuwa kwenye Wi-Fi. Majibu ya ruta yangekuwa tulivu na ya 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, yakayumba, hapo ningempigia mtoa huduma nikiwa na namba mkononi.

Tulipitisha waya wa mtandao pembeni mwa ukuta hadi kwenye kompyuta. Majibu yakashuka chini ya milisekunde 1 na kubaki hapo. Waya ikishindikana, hamia masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz na usogee karibu na ruta, kwa kuwa 2.4 GHz hugombaniwa na Bluetooth, majirani, hata maikrowevu. Wakati wa somo, zima pia simu zinazopakia picha zenyewe. Foleni ya picha hizo hukwamisha sauti yako.

Bado noti ndefu zilikuwa zikififia. Sasa haikuwa mtandao, ilikuwa programu: kipengele cha kupunguza kelele huiona sauti isiyobadilika kama mvumo wa feni na kuifuta. Tulikizima. Mwanafunzi akavuta tena, na safari hii tukasikia upinde wote, kuanzia kishikio hadi ncha.