Je, wajua kwa nini mgahawa wa Kirigizistani huuza zaidi vyakula vya majirani?

Ingia ashkana yoyote mjini Bishkek, yaani mgahawa wa kawaida wa kula mchana, utazame orodha ya vyakula. Kuna lagman, plov, samsa, manty (vifuko vya unga vyenye nyama, vilivyopikwa kwa mvuke), na huenda supu ya viazisukari vyekundu iliyokuja na Warusi. Vitamu vyote. Ila karibu vyote vilianzia kwa watu wengine.

Sababu iko milimani. Wakirigizi walikuwa wafugaji wa kuhamahama: kiangazi wako na kondoo na farasi kwenye malisho ya juu, yanayoitwa jailoo, baridi ikianza wanashuka mabondeni. Mtu anayebeba nyumba yake juu ya mnyama hafungui mgahawa, na mgeni akifika kwake hula bila kulipa. Biashara ya chakula ilikuwa ya watu wa mjini, na mijini walikaa Wauzbeki upande wa Osh, kusini, Warusi kaskazini, pamoja na Wauighuri na Wadungani waliotoka China. Utawala wa Kisovieti ulipowalazimisha wafugaji kutulia vijijini, majiko ya mjini yalikuwa yamekwisha kushika moto.

Chukua lagman, tambi ndefu zinazovutwa kwa mikono na kumwagiwa mchuzi wa nyama na pilipili hoho. Jina lenyewe linajitangaza kuwa geni: maneno ya asili ya lugha za Kituruki, Kikirigizi kikiwemo, hayaanzi na herufi L. Limetoka kwenye neno la Kichina la tambi za kuvuta.

Ukifika Karakol, mashariki mwa ziwa Issyk-Kul, usiondoke bila bakuli la ashlan-fu: tambi, vipande vya wanga ulioganda, siki na pilipili, vyote vya baridi. Huliwa pamoja na kitumbua bapa cha kukaanga chenye viazi ndani. Walioileta ni Wadungani, Waislamu wenye lugha ya Kichina waliovuka milima ya Tian Shan kwenye miaka ya 1870, baada ya uasi wao kuzimwa. Msikiti wao wa mbao bado umesimama mjini humo.

Kwa Mswahili, orodha hiyo ina raha ya pekee. Plov ni ndugu wa pilau, ingawa viungo vyake ni vichache, karoti ni nyingi, na mchele unaosifiwa zaidi ni ule mwekundu wa mji wa Uzgen. Samsa ni sambusa iliyokwenda njia nyingine: badala ya kukaangwa, hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tandyr, ambayo nayo ni tanuri letu. Hata neno ashkana lina kipande tunachokijua. Ash ni chakula, kana ni nyumba kwa Kiajemi, kama ilivyo kwenye karakana. Chai ni chai tu.

Basi chakula cha Wakirigizi wenyewe kiko wapi? Kiko kwenye sherehe na kwenye jailoo. Beshbarmak, maana yake vidole vitano, ni nyama ya kondoo au farasi iliyochemshwa kwa saa kadhaa, ikakatwa vipande vyembamba na kuchanganywa na tambi. Kondoo akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe kufuatana na umri na heshima, na mgeni mkubwa anaweza kuwekewa kichwa. Sahani moja ya mtu mmoja mgahawani inaupoteza utaratibu huo wote. Ndiyo maana mimi ningeitafuta kwenye nyumba inayopokea wageni, na kuagiza mapema.

Kimiz, yaani maziwa ya farasi yaliyochachushwa, nayo ina msimu wake, tangu mwisho wa masika hadi kiangazi, farasi jike wanapokuwa na watoto. Maziwa yao yana sukari nyingi kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo hamira na bakteria huyageuza kuwa kinywaji kichachu chenye povu na kilevi kidogo. Yakiwekwa kwenye mfuko wa ngozi uliofukizwa, hupata ladha ya moshi. Aliyewahi kunywa mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin wa Kenya, hatashtuka sana.

Ukikaribishwa, usimwone mwenyeji bahili akikumiminia chai nusu bakuli. Anataka umrudishie bakuli mara nyingi. Likijazwa hadi juu, ujue unaagwa.