Kimya kingi kina mshindo mkuu

Siku ya dhoruba sina hofu sana na watu. Upepo unavuma, huoni hatua kumi mbele yako, na mwenye akili zake yuko ndani anaota moto. Ninayoihofia ni siku ya pili yake. Mbingu imetakata, jua linawaka, theluji mpya imefika magotini, na kila mtu anataka awe wa kwanza kukanyaga mteremko ambao haujakanyagwa. Siku hiyo ndiyo simu yangu hulia.

Kazi yangu ni kuchimba mashimo kwenye theluji ya milimani, kuyasoma matabaka yake na kuandika tahadhari ya kesho kuhusu maporomoko ya theluji. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: theluji si laini? Inauaje?

Wengi hufikiria bonge dogo linalobiringika na kukua njiani. Hilo lipo kwenye vikatuni. Yanayoua zaidi ni maporomoko ya bamba: theluji iliyoshikamana, upana wa uwanja wa mpira au zaidi, inayokatika yote kwa mpigo na kuteleza juu ya kitu dhaifu kilicho chini yake. Likishachomoka, bamba kavu hufikia kasi ya kilomita 100 kwa saa na kupita. Hakuna anayelikimbia.

Sasa, hicho kitu dhaifu ni nini? Hapa naomba univumilie kidogo, maana ndipo kazi yangu yote ilipo.

Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi 0, hata hewa ya juu ikiwa baridi kali. Kwa hiyo ndani ya theluji chini kuna joto kiasi, juu kuna baridi, na mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu. Tofauti ikizidi takribani nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, mvuke huo huzila zile punje zilizoshikana na kuzijenga upya zikiwa na pembe, kubwa, zisizoshikana tena. Ukizichota mkononi ni kama sukari, zinapita katikati ya vidole. Juu ya sukari hiyo ndipo bamba linapolala.

Piga hesabu mwenyewe. Theluji ya nusu mita, juu yake nyuzi 10 chini ya sifuri: hizo ni nyuzi 2 kwa kila sentimita 10. Theluji ya mita 2 kwa baridi hiyohiyo: nusu nyuzi tu. Ndiyo maana mwanzoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa haba na usiku ukiwa hauna mawingu, wenye baridi, mimi huanza kukunja uso wakati wengine wanasema mwaka huu hakuna hatari kwa sababu hakuna theluji. Sukari inapikwa wakati huo. Bamba litakuja baadaye.

Upepo nao ni mjenzi mwenye pupa. Unaifagia theluji upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili, kwa kasi kuliko inavyoshuka kutoka angani. Mbingu inaweza kuwa safi kabisa na mteremko ukawa unabebeshwa mzigo saa ile ile. Kwenye ukingo wa juu hujenga paa la theluji linaloning'inia hewani. Ukisimama juu yake unadhani uko mlimani. Tena hukatikia nyuma zaidi ya pale ulipokisia.

Kuhusu mwinuko: mabamba mengi hukatika kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo ni nadra, juu ya hapo theluji huwa inapukutika mapema kabla haijajilimbikiza. Bahati mbaya huo ndio mwinuko ambao watu wa skii, wale wanaoteleza kwa mbao miguuni, wanaupenda. Nunua kipimo kidogo cha mwinuko, au tumia kilichomo kwenye simu, maana macho yanadanganya. Na usisahau kutazama juu. Unaweza kuwa unatembea tambarare ukaufungua mteremko ulio juu yako.

Hilo lilinipata. Tulikuwa watatu, tunavuka bonde, mbele yetu kuna nyayo za watu wengine, za asubuhi ile ile. Ghafla chini ya miguu yetu pakalia *vuum*, mlio mzito kama nyumba inayoshusha pumzi, na theluji yote ikashuka kidogo pamoja nasi. Kufumba na kufumbua, ufa ukaukimbilia mteremko wa pembeni, mita mia moja hivi kutoka tulipo, na bamba likashuka. Halikutufikia. Tulisimama tukitazamana, kisha tukageuka bila hata kujadiliana. Na wale wenye nyayo? Walipita salama palepale. Bamba halina unene sawa kila mahali. Tisa hupita, wa kumi anakanyaga pale palipo pembamba. Nyayo hazithibitishi chochote.

Mlio huo, nyufa zinazokimbia kutoka mguuni, maporomoko mapya kwenye mteremko wa jirani, joto linalopanda ghafla: ukiona hata kimoja, huhitaji mtaalamu. Rudi. Katika ajali zinazowakuta watu, karibu mara tisa kati ya kumi aliyelichomoa bamba ni mwathirika mwenyewe au mwenzake.

Neno moja kuhusu viwango vya tahadhari, ambavyo katika nchi nyingi ni 1 hadi 5. Watu husoma 3 kama alama ya mtihani: wastani, tumefaulu. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua sawasawa, na vifo vingi hutokea kwenye 3, kwa sababu 4 huwatisha watu na 3 haiwatishi. Kiwango cha 5 ni cha vijiji, si cha watembezi tu. Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji na upepo, maporomoko yalishuka hadi kijijini na kuua watu 31. Baadhi ya nyumba zilizopigwa zilikuwa katika eneo lililohesabiwa kuwa salama.

Ukifukiwa, saa inaanza kukimbia. Wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza, takribani tisa kati ya kumi huwa hai. Ikifika nusu saa wamebaki kama watatu. Wengi hufa kwa kukosa hewa. Helikopta haiwezi kuwahi, kwa hiyo wa kukuokoa ni hao mlioondoka nao, nao wasipokuwa na vifaa watabaki kukuita jina tu. Kila mmoja abebe vitatu: redio ndogo ya kutafutia ya kilohezi 457, inayotoa mawimbi ambayo redio za wenzako huyanasa ukifukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi la chuma. Simu ikae mbali na redio hiyo, angalau sentimita 20 ukiwa njiani na 50 ukiwa unatafuta. Theluji ikishasimama hukaza kama zege. Usichimbe wima juu ya kichwa cha mtu, utamziba. Shuka kidogo upande wa bondeni na uingie kwa ubavu.

Baridi yenyewe haina kelele. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaipokea kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtu akianza kujikwaa na kuongea kama mlevi, mwili wake unapoa. Akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, usifurahi: hali imezidi. Mkinge na upepo, mvue nguo mbichi, mfunike, mshike taratibu, na pombe isimkaribie. Vidole vilivyoganda usivisugue, hasa kwa theluji. Sijui nani aliyeanzisha ushauri ule.

Kabla hatujaondoka, huwa mmoja wetu anasimama mbele na wengine wanampita mmoja mmoja, asikie kama redio ya kila mtu inatoa mlio. Inachukua dakika mbili, na vijana huiona kama maigizo. Wiki iliyopita redio moja haikulia. Ilikuwa yangu.