Mbu wa Kisumu Hafuatwi Ziwani

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Muuguzi amehamishwa kutoka Nyeri, anaripoti Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kabla hata hajauliza kodi ni ngapi: "Daktari, nikipanga Riat, kule kilimani, mbali na Ziwa Victoria, malaria si nitaiepuka?" (Mimi ni afisa wa afya ya umma, si daktari. Kusahihisha nimechoka.)

Hapana, dada yangu. Mbu wa malaria hatagi mayai kwenye maji mapana yenye mawimbi. Anataka maji yaliyotulia: dimbwi la barabarani, nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, shimo la wafyatua matofali, mtaro ulioziba, na ndiyo, pembe za ziwa zenye mafunjo. Kwa joto letu, wiki moja au mbili zatosha yai kuwa mbu mzima. Dimbwi likiwa nyuma ya jiko lako, ziwa kuwa mbali kunakusaidia nini? Msinitajie kilima pia. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Kakamega imepita mita 1,500 na malaria iko.

Na yale mawingu meusi ya wadudu yanayopaa juu ya maji, yanayowatisha wageni? Hawaumi hao.

Linalonikera hasa ni hili. Mtu anapanga mbali, ananunua chandarua chenye dawa, kisha anapangiwa zamu ya usiku. Mbu huyu huuma usiku. Chandarua kiko Riat kinalinda godoro tupu. Mwenyewe yuko wodini saa tisa usiku, mikono wazi, miguu wazi, dirisha wazi. Tena ni mhudumu wa afya! Vaa mikono mirefu na soksi, paka dawa ya kufukuza mbu, ukitaka kucheka cheka.

Nyumba nayo, tafuta Migosi au Kenya-Re, karibu na kazi, ila nenda kaione siku moja baada ya mvua kubwa. Siku ya jua kila ploti ni nzuri. Tazama maji yamesimama wapi, madirisha yana wavu au hayana, na kama kuna mwanya kati ya ukuta na bati. Hapo ndipo mbu huingilia.

Mwingine huniambia: "Mimi mzaliwa wa hapa, damu imezoea." Umekaa Nairobi miaka sita. Kinga ile haikuwa kamili tangu mwanzo, na hufifia mtu akikaa mbali. Homa ikianza, pima.

Mwingine: "Nikipanga Dunga, kando ya ziwa, nitapata kichocho." Kichocho hupenya ngozi iliyo ndani ya maji. Kulitazama ziwa kutoka barazani hakukuambukizi chochote. Usiogelee, usifulie huko.

Hofu moja ya ziwa naikubali, nayo ni maji yenyewe. Mei 2020 yalipanda kuliko hata rekodi ya mwaka 1964, na watu wa kandokando wakahama na magodoro vichwani. Ukitaka upepo wa ziwa, muulize mzee wa jirani maji yalifika wapi mwaka ule. Dalali usimuulize.